Fundi Mukendi Hana Kosa

Likasi, Jumanne tarehe 14 Mei 2024

Mpendwa dada yangu, Yaya Marlène,

Nakusalimu wewe, shemeji Floribert na watoto wote wa nyumba yenu. Kifua cha shemeji kinaendeleaje tangu mvua zikome? Na wewe, mgongo umekuachia? Mama analala vizuri, anakula, na kila asubuhi anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kulia kilichoungua. Utajua sababu yake humu.

Umenipigia simu mara nne wiki hii, nami sikupokea. Nilikuandikia kwamba nilikuwa kazini. Sikuwa kazini, Yaya. Nilikuwa nimekaa kitandani naitazama simu ikilia. Jambo nililo nalo siwezi kulisema kwa simu, maana nikisikia sauti yako nitaanza kulipunguza. Danielle, binti wa mama Rosalie mkunga, anaondoka Alhamisi kuja huko Kalemie, na nimemwomba akukabidhi karatasi hii mkononi. Isome mpaka chini kabla hujamwambia mtu.

Ulisoma ujumbe wa kaka yetu Ruphin kwenye kundi la familia: kwamba fundi Mukendi aliweka mafuta mabovu kwenye injini ya skuta, ikazimika njiani, na Jessica mke wake akaponea chupuchupu. Nimeona ulivyojibu. Nimeona na shemeji, ambaye ndiye aliyetujulisha kwa Mukendi, alivyoandika kwamba atampigia amwambie maneno yake. Nakuomba umzuie. Mukendi hakuigusa skuta. Aliyebadilisha mafuta ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi tarehe nne. Uliponiachia skuta uliniambia nipime mafuta kila wiki na kuyabadilisha kila mwezi, na siku zote nilikuwa nampelekea Mukendi. Mara mbili nilisimama nikamtazama anavyofanya, nikaona si kazi ya ajabu. Nikajiambia, mimi napima damu za watu maabara, nitashindwa na mafuta? Niliiwasha injini ipate moto kidogo, nikaizima, nikaisimamisha uani kwa stendi yake ya katikati, nikaweka beseni chini, nikalegeza boliti. Mafuta yakashuka meusi. Ile springi inayokaa nyuma ya boliti ikatoka pamoja na kichujio cha mafuta, nikakiosha kwa petroli mpaka kikang'aa. Nilifurahi, Yaya, sikufichi.

Halafu nikakiona kile kimpira cha duara kinachozuia mafuta yasipite kwenye boliti. Kilikuwa kimelala bapa, na upande mmoja kimepasuka. Mukendi kila mara huweka kipya. Mimi sikuwa nacho. Jenny wa kwaya alikuwa ameshafika mlangoni, mazoezi ni saa tisa, ananiita. Nikakirudisha kile kile, nikakaza boliti, nikamimina mafuta mapya. Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakichovya, nikaona mafuta yamefika alama ya juu. Basi nikafunga na kwenda kuimba. Sikuiwasha tena injini niiname kuangalia kama kuna kinachovuja. Mukendi hamalizi kazi bila kufanya hivyo.

Jumatatu asubuhi nilikuta doa la mafuta pale skuta ilipolala, upana wa sahani. Nikasema ni yale niliyomwaga Jumamosi, nikatupia mchanga. Jumanne mchanga ulikuwa umelowa. Niliuona. Nilisimama pale na funguo mkononi nikauona, halafu nikapanda skuta nikaenda kazini.

Jumatano saa tano Ruphin alinipigia, na sauti yake sikuitambua.

«Kabedi, Jessica amezaa. Mutoto iko muzima. Lakini damu haiko nasimama. Huku damu haiko. Leta damu, fanya mbiyo!»

Unaijua ile materniti ndogo ya upande wa Kamatanda. Haina banki ya damu. Ambulansi ya hospitali yetu ilikuwa imempeleka mgonjwa mwingine Lubumbashi. Damu ya Jessica ya kupimia tulikuwa nayo tangu Jumatatu alipokuja kwa vipimo vya mwisho, kwa hiyo nililinganisha haraka, nikapewa mifuko miwili, nikaiweka kwenye kisanduku cha barafu, nikakibana kati ya miguu na kuondoka.

Mpaka mwisho wa mji skuta ilikwenda vizuri. Njia ile sasa ina vumbi jekundu tupu, na malori ya madini yanakusukuma pembeni kama hayakuoni. Nilipoanza kupanda kilima, injini ikabadili sauti. Ikaanza kugonga ndani kama vijiko kwenye mkebe. Harufu ya chuma cha moto ikanijia puani. Yaya, pale nilijua. Ningesimama, ipoe, nitafute mafuta hata kwa dereva wa lori. Lakini akilini nilimwona Jessica, na badala ya kusimama nikaongeza mwendo. Injini ikapiga kelele moja, gurudumu la nyuma likakwama, nikayumba mpaka ukingoni mwa mtaro. Kisha kimya.

Kisanduku kilikuwa salama. Nilichomoa kijiti kwa haraka, ndipo kidole kilipoungua. Kijiti kilikuwa kikavu. Hapakuwa na mafuta hata ya kupaka ukucha.

Simu ikalia. Ruphin. «Uko wapi?» Nikasema, «Niko njiani.» Akakata.

Teksi-basi ikapita imejaa, nikapunga mikono yote miwili, dereva hakupunguza hata mwendo. Malori mawili yakanipigia honi. Nilikuwa nimeshakibeba kisanduku kichwani niende kwa miguu, ndipo nikakutana na mwanaume anasukuma baiskeli iliyobeba magunia matatu ya makala ya kupikia, anashuka kuelekea mjini.

«Mama, moto imekufa?» akauliza, akiionyesha skuta kwa kidevu.

«Baba, humu muko damu ya muntu. Bibi ya kaka yangu iko nakufa kule ku materniti.»

Hakuniuliza neno la pili. Alifungua mipira ya kufungia, magunia yakaanguka kwenye majani, akageuza baiskeli. «Panda. Shika ile damu muzuri.» Alikanyaga pedali kupanda kilima kile kile alichotoka kushuka. Palipozidi ukali tuliruka chini wote wawili tukakimbia, yeye na baiskeli, mimi na kisanduku, halafu nikapanda tena. Nilikuwa nyuma yake nasikia anavyohema, nami nahesabu dakika, na kila nikihesabu naona ule mchanga uliolowa.

Mama Rosalie alikipokea kisanduku mlangoni bila salamu. Jessica midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Alikuwa ananitazama lakini sidhani aliniona. Ruphin alisimama ameuelekea ukuta, kiganja kimebandikwa ukutani. Tulitundika mfuko wa kwanza, kisha wa pili. Saa nane na nusu mama Rosalie aliingiza mkono chini ya shuka, akautoa, akautazama, akasema, «Imesimama.» Ruphin akakaa chini sakafuni, pale pale.

Baadaye, nikimsaidia kuosha vyombo, mama Rosalie aliniambia taratibu, «Dakika kumi zaidi, leo tungekuwa natafuta sanduku ingine.» Hakujua anamwambia nani.

Nilipotoka kumtafuta yule wa baiskeli, alikuwa ameondoka. Sikuwa nimemuuliza hata jina. Alhamisi niliwauliza wauza makala, wakaniambia ni Michée, na kwamba aliporudi kwenye magunia yake alikuta mawili tu. Mama amekwenda mwenyewe kwake na unga na samaki, na kumshukuru kwa magoti.

Sasa sikiliza sehemu yangu mbaya zaidi. Jumatano ile ile saa kumi, kando ya kitanda, Ruphin aliniuliza skuta ilifanya nini. Nikasema, iliisha mafuta ya injini. Akasema, «Lakini Mukendi si njo anabadilishaka mafuta?» Nami nikanyamaza. Sikusema ndiyo. Niliinama nikamfunika Jessica miguu, ambayo ilikuwa imeshafunikwa. Ruphin akapata jibu lake.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye karakana ya Mukendi akamtukana mbele ya wateja. Alisema anachuja mafuta ya zamani na kuyauza kama mapya, kwamba anataka kuua watu. Waendesha pikipiki wawili waliokuwa wanangoja zamu walichukua pikipiki zao wakaenda. Mukendi alimjibu neno moja tu: skuta iletwe waitazame. Na kwa kuwa hakuna aliyeileta, aliifuata mwenyewe kwa mkokoteni, kwenye nyumba ya kando ya njia nilikoiacha Jumatano jioni nikirudi mjini.

Ijumaa akaniita. Nilikuta skuta imefunguliwa chini, na ile boliti iko kwenye kiganja chake, na kimpira kile kilichopasuka.

«Kabedi, hii vidanji, hii kubadilisha mafuta, weye njo uliifanya?»

Nikasema, «Sijui.»

Yaya, mimi, mtu mzima, mwenye kazi, nikasema sijui. Mukendi alikifunga kimpira katika kipande cha karatasi, akakitia mfuko wa shati. Hakupandisha sauti.

«Minye siwezi kuenda kwa kaka yako na hii. Ataniita muongo mara ya pili. Weye unajua nyumba yake.»

Jumamosi sikula. Jumapili kanisani nilisimama na kwaya, nikifungua mdomo sauti haitoki, Jenny ananikanyaga mguu. Misa ilipokwisha nilikwenda moja kwa moja kwa Ruphin. Jessica alikuwa ameruhusiwa, ameketi kwenye mkeka na mtoto, na Mama alikuwa anapepeta mchele. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia kimpira mpaka ule mchanga, mpaka nilivyomfunika Jessica miguu. Mama aliacha kupepeta.

Ruphin hakunipiga kelele. Ningependa angepiga. Aliinuka akatoka uani, tukabaki tunasikia hatua zake zinakwenda na kurudi.

Jessica ndiye aliyeuliza. «Kusahau, naelewa. Kunyamaza, ju ya nini?»

«Niliogopa.»

«Minye pia niliogopa, Kabedi. Nilikuwa nasikia banaulizana wapi damu, nasikia miguu inakuwa baridi.» Akamgeuza mtoto kwenye ziwa la pili, asinitazame tena.

Ruphin aliporudi alisema, «Kesho saa moja, ku karakana. Nilimutukana mbele ya bantu, nitamuomba samahani mbele ya bantu. Na weye utakuwa pale.»

Jana saa moja tulikuwa pale. Watu walikuwa watano au sita, na mama muuza mikate wa pembeni. Ruphin alivua kofia akasema, «Baba Mukendi, maneno niliyasema Alhamisi, hata moja haikuwa ya kweli.» Kisha akanisukuma mbele kwa kiganja mgongoni, si kwa ukali wala si kwa upole. Nikasema ni mimi niliyebadilisha mafuta, ni mimi niliyerudisha kimpira kibovu, na Ijumaa nilimdanganya fundi akiwa amekishika mkononi. Mwendesha pikipiki mmoja alicheka, mama muuza mikate akamwambia afunge mdomo.

Mukendi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Nilidhani atanifukuza. Alimpa Ruphin mkono. Kisha akatandika katoni chini ya skuta.

«Lala hapa,» akaniambia. «Kampira kapya, haka. Uweke weye.»

Nililala chini na nguo zangu za kazi, watu wote wananitazama. Springi ikaniponyoka mara mbili. Hakunisaidia. Nilipokaza alisema, «Basi, usivunje.» Nikamimina mafuta, akanifanya niiwashe injini, ingurume dakika tatu, niizime, ningoje, nipime kijiti, kisha nilale tena chini na kupitisha kidole kuzunguka boliti yote. Kidole kilitoka kikavu. Ndani ya silinda kumekwaruzika, ameweka ringi mpya za pistoni, na itatoa moshi kidogo maisha yake yote. Usitume chochote, Yaya. Nitamlipa mimi.

Ruphin tangu pale hajanisemesha. Usiniombee kwake, mwache. Ninachokuomba ni hiki tu: andika wewe kwenye kundi la familia, kwa jina lako wewe mkubwa, kwamba Mukendi hana kosa. Mimi nimeandika asubuhi hii, lakini naona wengine wanadhani namkingia kifua. Na shemeji Floribert, kama alishampigia simu, ampigie tena.

Nisalimie Arielle na mdogo wake, na baba Philippe jirani yenu, na mama mkwe wako. Mama anakusalimu sana, anasema usimwonyeshe Danielle uso wa kukasirika, yeye hajui alichobeba. Mungu awafunike, awape usingizi wa amani na milango isiyobishwa kwa habari mbaya.

Nilikuwa nataka kufunga barua, mtoto wa jirani ameleta ujumbe kutoka kwa Jessica. Mgongo wake bado hauna nguvu ya kuinama kwenye beseni. Anasema kesho asubuhi, kabla ya kazi, niende nimwogeshe mtoto.

Mdogo wako akupendaye, na leo anayekuogopa kidogo,

Kabedi