Yai Nililoiba Bondeni Kimulot

Mpendwa Mama,

Wiki jana niliteremka tena kwenye lile bonde la maji chini ya shamba letu la majani chai. Sikuwa nimekanyaga pale tangu tukuzike. Safari hii nilikuwa na wanafunzi wangu wa Gredi ya Sita.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupeleka pale baada ya Sunday School? Ulituficha nyuma ya nyasi ndefu za nepia, sketi yako ya kanisa umeikunja magotini, ukatuambia, "Usiniambie ni ndege mzuri. Niambie anafanya nini." Basi tukaandika kwenye daftari: anatembeaje, anakula nini, anatua wapi. Tuliwapenda zaidi korongo wenye taji la dhahabu, wale uliowaita kong'ony. Wewe uliyeachia shule darasa la saba ulijua kiota kilipo kwa kutazama tu wanakoelekea jioni.

Nilikuwa na miaka kumi nilipoiba yai lao moja. Nilitaka tu kuwaringia wenzangu shuleni. Ulilikuta ndani ya sweta yangu, nikangoja kiboko. Hukunipiga. Ulinishika mkono tukashuka bondeni huku mvua inanyesha, ukalirudisha kiotani, kisha tukaenda kukaa mbali.

"Na wasiporudi, Mama?"

"Basi utajua umefanya nini."

Tulikaa mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa. Majani uliyochuna asubuhi yalikuwa yananyauka kikapuni, na gari la kuyachukua lilishapita. Hukuinuka. Mwishowe korongo mmoja akaja, akakizunguka kiota mara mbili, akalalia mayai. Nilikugeukia nikakuta unalia. Sikuwa nimewahi kukuona ukilia.

Vifaranga walitoka wawili. Yai la tatu halikuanguliwa. Nilikuuliza kama ni lile langu, nikakuuliza tena nikiwa mtu mzima, hata pale hospitalini ulipokuwa umebaki mifupa. Ulinipapasa tu mkono. Nilikukasirikia kidogo kwa hilo, Mama. Siku hizi sikasiriki tena.

Sasa wiki jana Chelangat, msichana ambaye hawezi kutulia hata dakika moja, akaniuliza, "Madam, na wewe ulifunzwa na nani kutazama ndege?"

Nikataja jina lako. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu mazishi, na lilinitoka vibaya, likikatika. Kisha nikawaambia yote, wizi wangu pia. Nilidhani watanicheka. Chelangat aliinamisha kichwa, akapekua begi lake, akatoa manati na kuniwekea kiganjani. Mpira wake ulikuwa umelegea kwa kutumika sana.

Sikumgombeza. Nilimkalisha karibu nami, nikamvisha darubini shingoni. Aliwatazama korongo muda mrefu.

"Madam," akanong'ona, "anamlisha mtoto."

Pumzika, Mama. Leo nimekuandikia bila kulia.

Ni mimi, kitindamimba wako.