Nilitoa Siri ya Kikao, Lawama Ikamwangukia Semisi

Mpendwa Shangazi Asenaca,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nyumbani nimeshindwa kusema na ofisini ndiyo kabisa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, naongoza kampuni ya meli za mizigo kutoka hapa Suva kwenda kisiwa cha Vanua Levu, na ukikalia kiti hiki huna wa kumwambia leo nimechoka, walio chini yako wanakuogopa na bodi inakupima, kwa hiyo Bwana Parmesh, mwenye kampuni ya saruji na mabati, mteja wetu wa siku nyingi, aliponiingiza kwenye kikao chao cha wakuu wa makampuni niliona nimepata ndugu. Tuko tisa, tunakutana kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni, tunaketi mkekani kuzunguka bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, na sharti ni moja tu: linalosemwa pale halitoki.

Sasa mwezi wa tatu Parmesh alitueleza, sauti ikimkatika, kwamba tawi lake la Labasa, huko Vanua Levu, linazama, ila anazungumza na mtu wa kulinunua ili wafanyakazi wake arobaini wasitawanyike, na wao bado hajawaambia. Tukampa moyo, nami nikampa moyo. Jumatatu asubuhi nikamwita meneja wangu wa masoko, nikamwambia nafasi ya mizigo ya Parmesh melini ampe mshindani wake, na alipouliza kwa nini nikamjibu, "Anafunga Labasa." Maneno mawili tu, Shangazi. Wiki haijaisha yakawa yamefika sokoni Labasa, wafanyakazi wakayasikia kwa wauza samaki kabla ya kuyasikia kwa bosi wao, mafundi wakaanza kuondoka, na yule mnunuzi akarudi nyuma.

Kikao kilichofuata Parmesh akauliza, "Ni nani kati yetu?" Macho yakamwendea Semisi, mwenye maghala, ambaye hana hata nusu mwaka pale. Akasema, "Jamani, mnanitazama mimi?" Kifuu cha yaqona kikanifikia, nikapiga kofi moja la desturi, nikanywa, nikakirudisha. Semisi akainuka, akachukua simu yake kikapuni, akaenda zake, na sasa nasikia wenzetu hata hawampokelei simu.

Nimeandika barua ya kujitoa kikaoni kwa sababu ya majukumu mengi, na nafikiria kumtafutia Semisi wateja kimyakimya ili nimfidie. Je, haitoshi? Nikisema ukweli nitabaki na nani?

Niliyenyamaza, Suva

*

Mdogo wangu,

Nimekusoma mpaka mwisho, na chai yangu imepoa. Pole. Upweke wa kiti naujua. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Lakini tusidanganyane. Ulimi wako haukuteleza. Uliichukua siri ya mtu ukaifanyia biashara, kisha ukamwacha mwingine abebe aibu yako mbele ya watu. Majukumu mengi? Ichane barua hiyo leo! Ukiondoka hivyo, Semisi atabaki mmbeya maisha yake yote, na wateja utakaompelekea kwa mlango wa nyuma watakuwa hongo ya kuituliza roho yako, si haki yake.

Unauliza utabaki na nani. Kwani sasa una nani? Una watu wanaompenda mtu ambaye si wewe.

Anza na Semisi, tena kabla ya Ijumaa ya kikao. Nenda mwenyewe, usimtume dereva. Mpelekee mzizi wa yaqona kama desturi ya kuomba radhi inavyotaka, lakini usijifiche nyuma yake: sema "ni mimi" kabla hujakaribishwa kiti. Ukitoka hapo, kwa Parmesh. Ijumaa waambie wote, na usilie, maana ukilia watalazimika kukubembeleza wewe. Na yule meneja wako mwambie habari ile ulikoitoa, asije akadhani ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi. Wakikutoa kikaoni, toka bila kununa.

Asenaca

*

Wiki mbili baadaye dada huyu alituandikia tena, naye ameturuhusu kuchapa:

Shangazi, nilikwenda. Semisi alinisikiliza mlangoni mwa ghala, mvua ikininyeshea. Mzizi aliupokea, mimi hakunikaribisha ndani. Parmesh nilimkuta uani kwake, katikati ya mabati.

"Nilikuingiza mimi mwenyewe, dada," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu unaihitaji ile nafasi melini. Ningekuachia."

Angenitukana isingeniuma hivyo.

Ijumaa nilisema yote, macho makavu. Semisi wamemwomba radhi na amerudi mkekani. Mimi wameniambia nikae pembeni, na hawakusema mpaka lini. Sikuuliza. Meneja wangu nilimweleza, akasema, "Asante, mama, kwa kuniambia." Tawi la Labasa limefungwa, siwezi kulifufua. Lakini wale wafanyakazi arobaini bado hawajui habari ile ilianzia kwa nani, na gati letu la huko lina upungufu wa watu, kazi ninazoweza kuwapa baadhi yao. Nasafiri Jumatano na meli yetu. Parmesh amekubali kuwakusanya. Amesema yeye hatatia neno. Nitasimama mimi, niseme mwenyewe.