Wosia Ndani ya Jalada

8 Februari 1954

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi sijambo, ila magoti hunisema kila nikipanda ngazi za kanisa. Kifua chako kimepona?

Wosia wa marehemu baba yako haujaonekana, na nadhani nimejua ulipo. Nikueleze taratibu. Unakumbuka kaka yangu hakutupa karatasi. Jalada la kitabu linahitaji kiini kigumu, naye alikuwa akigandisha karatasi chakavu, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya unga, akazikandamiza mpaka zikawa kama ubao. Mwezi wake wa mwisho, macho yamefifia, alijalidi vitabu arobaini vya nyimbo za kanisa. Wosia ulikuwa mezani, katikati ya chakavu. Naamini aliugandisha.

Wazee wa kanisa wameamua: usipopatikana kabla ya Pasaka, nyumba na karakana vibaki kwangu niliyemwuguza. Nimeona ni haki ulijue hilo.

Shangazi yako


19 Februari 1954

Shangazi, shikamoo.

Pole na magoti. Kifua kimetulia, isipokuwa vumbi la stesheni halina huruma.

Nisamehe kwa nitakayosema. Wosia usipoonekana, nyumba ni yako. Na anayeutafuta ni wewe. Si fisi kukabidhiwa bucha huko? Nimeshapata mtu wa kuinunua, anangoja neno langu tu. Vichaneni vitabu hivyo siku moja, mmalize. Kanisani siendi tena, wajua, ila sidhani Mungu atagombana na mtu kwa ajili ya majalada.

Mwanao


1 Aprili 1954

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Fisi ameshinda buchani siku thelathini na tatu, na hajala.

Kuchana sikuweza, maana Jumapili watu lazima waimbe. Nimefungua kitabu kimoja kwa siku: nalilowesha jalada kwa kitambaa cha maji ya moto, nabandua tabaka moja moja, kisha najalidi upya, kama baba yako alivyonifundisha. Laiti ungeona yaliyotoka humo! Hesabu zako za darasa la pili: kumi na tatu toa sita, wewe umeandika tisa, naye amesahihisha kwa wino mwekundu ndipo akazigandisha. Na ile picha uliyomchora, kichwa kikubwa kuliko mlango. Nilicheka peke yangu karakanani, nikalia kidogo.

Katika kitabu cha thelathini na tatu nikaukuta. Anasema: “Nyumba na karakana ni vya mwanangu. Dada yangu nampa zana zangu na baraka. Yeye ana imani, hatakosa pa kukaa. Mwanangu hana sababu nyingine ya kurudi nyumbani.”

Sitakuficha. Sufuria ya gundi ilikuwa jikoni, moto unawaka, na nilikuwa peke yangu. Niliutazama moto ule kwa muda mrefu. Kisha nikavaa viatu, nikampelekea mchungaji ausome.

Wosia wenyewe umo ndani ya bahasha hii. Naomba mpaka mwisho wa mwezi nifunge vitu vyangu. Si vingi.

Shangazi yako


9 Aprili 1954

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisomea dirishani pa tiketi. Foleni ikawa inapiga kelele, “Karani, treni inatuacha!” Mzee mmoja akawaambia, “Mwacheni, kafiwa huyo.” Baba ana miezi minne kaburini, na kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nafiwa.

Ningekuwa mimi pale jikoni, karatasi ile ingeungua. Najijua. Na neno langu la fisi silali nalo vizuri, unisamehe.

Mnunuzi nimemwambia nyumba ina mwenyewe, tena mwenyewe yumo ndani. Nataka kukuuliza kilichokuvalisha viatu siku ile, lakini usinijibu kwa barua. Wewe ukianza kueleza, stempu hazitatosha. Nimeomba likizo. Nitashuka Alhamisi kabla ya Pasaka.

Usifunge kitu. Kama umeshafunga, fungua.

Mwanao