Chini Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka hoi. Mashuka tangu asubuhi – hoteli imejaa, mashine ya kukamulia imeharibika, tumekamua kwa mikono. Mkono wa kulia ni gogo.

Jana kwenye mazoezi ya bendi, katika karakana ya Shemeji, mdogo wa mume wangu, wimbo wa kasi ulinishinda tena. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili mkono ukaanza kuwaka kutoka kiwiko mpaka kidole gumba, halafu ukakaza kabisa, kama mtu ameushika kwa ndani. Nikabaki nakwaruza nyuzi za gitaa. Shemeji hakuacha ngoma. Mpiga besi wetu, Kimya, aliangalia sakafu. Hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote.

Mume wangu akauliza, ilikwendaje? Nikasema vizuri. Kisha nikashindwa kuinua sufuria ya chai mbele yake.

Jumatano, 5 Machi

Leo mume wangu kaingia chumbani nikijifua na gitaa. Tangu mashine ya kupasulia mbao ichukue vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, hajakaribia gitaa. Na nyimbo zote ni zake. Mimi nilikuwa gitaa la pili, la kusindikiza. Sasa langu ndilo la kwanza na la mwisho.

Alisimama mlangoni akatazama. "Unaua nyoka?" Eti nimeshika kipigio, kile kiplastiki cha kugongea nyuzi, kama mtu anayeogopa kuporwa. Akaketi kitandani, akanishika kiwiko. Hiki kilale, akasema. Kinachofanya kazi ni kifundo cha mkono, tena kidogo tu. Bega lishuke. Ubavu wa kiganja ukae juu ya nyuzi, usizikandamize. Akaweka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, polepole mpaka nikaona aibu – mwendo wa konokono. Kila pigo chini, chini, chini. Mkono ukikaza, acha, pumzika, anza upya.

Inachosha kuliko kasi yenyewe. Lakini alikaa hapo mpaka chai yake ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Mashuka. Gitaa sikuligusa.

Jumapili, 9 Machi

Mkono umekaza kwenye ubeti uleule, ingawa safari hii nilifika katikati. Tukiwa tunakunja nyaya Shemeji akanisogelea. "Shemeji, usinielewe vibaya. Kuna jamaa pale studio ya picha anapiga gitaa, mkono wake hauchoki. Ni kwa wimbo ule mmoja tu. Nawe upumue."

Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Nikamwomba anivumilie mpaka onyesho, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Akasema haya.

Nyumbani sikusema kitu.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu njia nyingine. Chini-juu. Pigo moja linashuka, linalofuata linapanda njia ileile, na mkono unafanya nusu ya kazi. Nikapandisha metronomu kidogo kidogo. Nikamaliza wimbo mzima – mzima! Jasho tu, hakuna kukaza. Binti yetu akachungulia: huo ni muziki au cherehani? Nilicheka peke yangu.

Baba yake alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikasikia kisu kimenyamaza. Akaja mpaka mlangoni.

"Huo si wimbo wangu."

Akarudi kwenye viazi.

Ijumaa, 14 Machi

Mimi na mume wangu tumegombana. Si kwa kelele, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya zaidi.

Anasema kushuka tu ndiko kunakoupa uzito. Ukianza kupanda, wimbo unakuwa mwepesi, wa kuchezesha watoto. Nikamwambia mkono wake ulijengwa na kubeba mbao. Wangu unakamua mashuka ya watu, na jioni unakuwa umeshamaliza kazi yake. Akasema, "Basi mwachie yule wa picha."

Kumbe anajua. Mdogo wake alimwambia, naye amekaa nalo rohoni siku zote hizi akinifundisha kulegeza bega. Sikujua nimkasirikie nani.

Kinachonichosha ni kwamba yuko sahihi kiasi. Chini tupu inasikika kama mlango wa chuma unafungwa. Yangu inasikika kama injini. Si mbaya. Ila si mlango.

Jumapili, 16 Machi

Mazoezi sikwenda. Jana nilijikaza kisabuni, chini tupu, nikaendelea hata mkono ulipokaza. Kitu kikachoma ndani ya kifundo. Si uchovu huo, ni maumivu. Jirani yetu nesi amenifunga bendeji, kasema nikilazimisha nitautafuta mkono huu nisiuone.

Mume wangu ndiye aliyenikatia mkate asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Maji yamekatika kazini, tumeruhusiwa mapema. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Mume wangu yuko kitandani, gitaa mapajani, kipigio kafunga kwa plasta kwenye kidole gumba. Akapiga pigo moja la chini, zito, kama zamani. Kipigio kikachomoka, kikaruka chini ya kitanda. Akapiga magoti kukitafuta. Akafunga tena, akapiga tena. Kikaruka tena.

Nikarudi kinyumenyume mpaka nje, nikaubamiza mlango kama ndiyo kwanza nafika. Nilipoingia, gitaa lilikuwa limeshatundikwa. Mbona mapema, akauliza. Nikasema maji.

Plasta ilikuwa bado kidoleni. Sote tukajifanya hatuioni.

Jumamosi, 22 Machi

Onyesho ni leo jioni. Kifundo kimetulia, si sana. Sijui nitapigaje. Nikipiga chini tupu nitaishia ubeti wa pili. Nikipiga chini-juu nitamaliza, naye mume wangu atakuwa amesimama ukumbini akisikiliza wimbo asioutaka.

Nilikuwa navaa viatu alipokuja na gitaa. "Ile yako," akasema, "ya kushuka na kupanda. Inataka nguvu kiasi gani?"

Kidogo sana, nikamwambia.

"Kipigio hakitachomoka?"

Nikasema sijui, hatujajaribu. Nikamfunga plasta upya, nikamwonyesha: pigo dogo, ncha tu iguse uzi. Akapiga. Chini, juu. Kikakaa. Chini, juu, chini – kikapinda, akakinyoosha kwa meno. Hakuniangalia.

Shemeji yuko nje anapiga honi. Ngoma zimeshapakiwa, tumeshachelewa. Kimya ameshuka garini, anakuja kuona kuna nini. Gitaa ninalotakiwa kuondoka nalo liko mapajani mwa mume wangu, na mimi nimekaa kizingitini naandika ili nisimkodolee macho.

"Waambie wasubiri," amesema.

Ameanza tena ubeti wa kwanza. Polepole. Chini, juu. Honi. Kimya amefika, ametega sikio, amegeuka na kumnyooshea Shemeji kiganja: bado.