Hafidh, Huko Hakuna Breki

Hafidh, rafiki yangu,

Salamu nimeshakupa kaburini asubuhi, kwa hiyo hapa nakwenda moja kwa moja kwenye habari. Tumecheza. Najua ungeuliza hilo kabla ya kuuliza hali ya mama yako. Mama yako mzima, anakula kidogo, na kila anayekuja anamwambia ulikufa usingizini bila ya kuugua, utadhani hiyo ni sifa.

Mimi sijalia. Watu wananitazama, nami naona haya, lakini ndani kumekauka. Siku ya maziko nilipokea jeneza karibu na msikiti. Unajua mwenyewe tunavyofanya, kila mwanamme njiani anataka thawabu zake. Nilikwenda hatua chache tu, bega jingine likaingia, nikajikuta pembeni na kiatu kimoja, nawe unakwenda mbele juu ya mabega ya watu. Tangu hapo niko vile vile. Nakwenda kazini, narudi, nakula, na hakuna kinachonisukuma.

Baada ya arobaini yako, dada yako Rukia akanipigia simu. Akasema nije Ijumaa baada ya Alasiri, na Kirit, mwenzetu wa mchezo, naye anakuja. Nilimkuta keshatandika mkeka uani kwenu, keshaweka ubao wa keram katikati na kuunyunyizia poda, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Nikakumbuka siku ya kwanza ulipotufundisha mchezo wako wa vita vya angani. Sisi tulitaka vyombo vinavyopiga kona na kunguruma. Wewe ukaipiga kete kwa kidole, ikateleza, ikasimama. Ukasema, "Hii imesimamishwa na ubao. Huko juu hakuna ubao, wala hakuna breki. Ukishakwenda, unakwenda tu. Ukitaka kusimama, geuza mkia mbele, uchome mafuta tena." Kirit akauliza, je, mlio wa mizinga? "Mlio upite wapi, na hewa hamna?" Tukakuona mtu wa kuharibu starehe za wenzio. Mwisho wake hatukutaka tena mchezo mwingine wowote.

Lakini ulituacha pabaya, bwana. Katika mchezo wetu wa mwisho tuliwafukuza maharamia, tukawashinda, tukashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo ukatuonesha kwamba Rukia, katika kufukuza, kachoma mafuta ya kusimamia. Kituo kiko mbele, chombo kinakwenda kasi, na baada ya kituo kile hakuna kingine. Ukacheka kwa sauti ya Bi Nahodha, yule bibi kizee uliyekuwa ukimwigiza siku zote. "Wanangu, mshakula na mbegu! Tutaonana Ijumaa." Ijumaa ndiyo tuliyokuzika.

Basi wamenikalisha mahali pako pa kuuongoza mchezo, eti mimi ndiye ninayeziweza hesabu. Nikapiga hesabu. Chombo hakisimami. Kirit akaona njia: tuhamie kwenye mashua ya kuokolea, nyepesi ile, mafuta kidogo yanaitosha. Nikapiga tena. Inasimama, lakini mtu mmoja kazidi. Ndani mlikuwa na fundi wa Rukia, mpiga mizinga wa Kirit, rubani wangu, na Bi Nahodha wako. Nikasema abaki rubani. Kirit akasema bila ya rubani mashua haifiki. Na fundi ndiye anayejua kuiwasha, na mpiga mizinga kajeruhiwa, hawezi kuachwa. Sote tukajua kabaki nani.

Rukia akaniambia polepole, "Kaka, watilie mafuta. Mchezo tu huu. Nani atajua?"

Hafidh, nilitaka. Wallahi nilitaka kuwatilia pipa zima. Lakini kila tulipolalamika ulikuwa ukituambia, "Nikikudanganyeni mara moja, hamtaogopa tena, na wala hamtafurahi tena." Nikamwambia hapana. Akageuza uso.

Ikawa zamu ya Bi Nahodha kusema, na kumsemea ni kazi yangu sasa. Nikafungua kinywa niitoe sauti ile ya bibi. Haikuja. Ikaja yangu, kavu. "Nendeni, wanangu."

Halafu Rukia akaweka kidole juu ya kete ya chombo kikubwa, akaisogeza taratibu mpaka ukingoni, akaivusha, akaiweka nje ya ubao, juu ya mkeka. "Mwacheni aende," akasema. "Hajaanguka. Anakwenda tu." Kisha akalia kwa sauti, mama yako akatoka jikoni mbio. Kirit akenda kuleta maji. Mimi nilikuwa nakusanya poda kwa kiganja, sijui kwa nini, maana hakuna aliyeniambia.

Mashua imefika salama. Ijumaa tunaendelea, na Rukia ndiye aliyetangulia kusema. Nakuahidi sitawapa mafuta ya uongo hata wakinilamba miguu. Bi Nahodha sitamwigiza tena, wala hatuweki mwengine. Ila kila Ijumaa, kabla hatujaanza, nitapiga hesabu kafika wapi, na nitamwambia dada yako. Chakula kitamwishia siku moja, na hilo nalo sitalificha.

Kwaheri, Hafidh. Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Hesabu ya wiki hii nimeshaipiga. Keshakipita kituo, na kasi yake haijapungua hata kidogo.

Rafiki yako,
Mbarouk