Sauti Yako Niliyokuwa Nikiisikia kwa Macho

Mama Yuditha, mke wangu wa ujana na wa uzee,

Usiwasikilize hao. Kama kuna mtu wa Gitting amefika huko uliko na ameanza kukusimulia habari za masikio yangu, mwambie akae chini anyamaze, maana wote wanaisimulia vibaya. Wanasema siku tuliyokuzika nilizibwa masikio na kilio. Eti huzuni ilipanda kutoka tumboni ikakwama humu pembeni. Mwinjilisti ameshaitia kwenye mahubiri, na kila akiirudia huzuni yangu inazidi kunenepa. Dada yako wa Mogitu yeye anasema uliondoka na masikio yangu kwenye sanduku ili nisije nikasikia mwanamke mwingine. Hiyo kidogo naipenda. Lakini si kweli.

Ukweli ni mkubwa kuliko huo, na nimeupata mwenyewe, mimi niliyeishia kisomo cha ngumbaru! Vumilia mwandiko. Unajua herufi zangu zinatembea kama ng'ombe mwenye kwato mbovu, na leo mkono una haraka kuliko akili.

Mke wangu, mimi sikuanza uziwi siku ile. Nilikuwa kiziwi miaka mingi kabla yake. Na wewe ulikuwa unajua!

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana unanijua, nikianzia karibu hainogi. Nani kwenye mashamba yote ya ngano ya Hanang alikuwa anajua trekta kama mimi? Wenzangu mpaka wafungue injini ndipo wajue ugonjwa. Mimi nilikuwa nakaa tu kwenye kiti, nasikia kwa makalio. Nasema, "Nozeli ya nyuma hiyo." Wanafungua: nozeli ya nyuma. Walidhani nina dawa. Kumbe hata wakati ule kusikia kwangu kulikuwa hakukai sikioni peke yake, lakini nani angejua?

Na hapo hapo shambani ndipo uliponipata. Kumbuka: nyie akina mama mlikuja kuokota masuke nyuma ya kombaini, mimi nikapita na trekta juu ya kikapu chako. Ukaja ukasimama mbele ya gurudumu, mdomo unafanya kazi, mimi sisikii kitu, naona meno tu. Ukanionyesha kwa mkono nizime. Nikazima. Ukasema, "Asante. Nilitaka kukutukana na sikutaka upoteze hata neno." Ukanitukana taratibu, kwa mpangilio, na ile sauti yako nzito yenye mkwaruzo mwishoni, kama jiwe la kusagia likikaribia kumaliza mtama. Nikajua huyu nikimwacha akaolewa Basotu, nitakufa vibaya.

Hiyo sauti naieleza vizuri sasa hivi, siyo? Ngoja. Kuna wakati nilikuwa siwezi.

Injini zilinila masikio pole pole, kama panya anavyokula gunia, kwa chini. Sikugundua. Ningegunduaje, na mimi nilikuwa nakusikia vizuri kabisa? Nilikuwa nawaambia watu, "Mimi nasikia, nyie ndio mnanong'ona siku hizi, hamli vizuri." Wewe ulikuwa unanishika kidevu, unanigeuza uso, unasema, "Niangalie nikuambie." Majirani wakacheka, wakasema huyu anaendeshwa na mke kama yeye alivyoendesha trekta. Mimi nikaona ni mapenzi, nikajisifu. Jioni ulikuwa unasogeza taa mpaka karibu na shavu lako ndipo unaanza habari za siku. Nikadhani unataka nikuone ulivyo mzuri. Na ulikuwa mzuri, sikatai.

Kanisani ulikuwa unanikanyaga kidole gumba, mimi nasema Amina. Watu wakanisifu kwamba Amina yangu haijawahi kukosea mahali.

Na kwenye mikutano ya kijiji! Hapa nimecheka peke yangu wiki nzima. Ulikuwa hukai na akina mama wenzako, unakuja kukaa ng'ambo, tunatazamana. Mwenyekiti anasema, na wewe midomo yako inacheza bila sauti. Nikadhani unasali. Lakini mimi nilikuwa namsikia mwenyekiti waziwazi, mpaka siku moja nikakuuliza njiani, "Hivi mwenyekiti naye, mbona ana sauti ya kike kama yako?" Ukacheka mpaka ukakaa kwenye majani. Ukasema, "Mzee wangu, usimwambie, ataona haya." Basi! Hukuniambia kitu kingine. Ulikuwa unanitafsiria mkutano mzima kwa midomo, na mimi kichwani nauvika sauti yako!

Halafu ukafa. Na siku hiyo hiyo dunia ikazimika kama umeme wa Katesh.

Siyo kilio kilichoniziba, mke wangu. Aliyekuwa ananisikilizia ndiye aliyeondoka. Na vijana wa kwetu walivyo na adabu, ndio wakanimaliza kabisa. Kijana wa Kimbulu aliyelelewa vizuri akimwamkia mzee anainama, macho chini, mdomo anauficha kifuani. "Shikamoo babu" yote inaenda kwenye viatu vyake. Mimi naona utosi tu. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: nikiona utosi, najibu "Marahaba!" Ilinifaa sana, mpaka siku kijana wa jirani alipokuja mbio, akainama, akasema neno, nikamjibu marahaba. Akasema tena. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, wasalimie nyumbani." Kumbe alikuwa anasema, "Babu, ng'ombe wako wako ndani ya mahindi yetu." Akaenda kumwambia baba yake kwamba mzee amefurahi sana. Tulikaa kikao kwa ajili ya hiyo marahaba. Na kikaoni nikajibu marahaba nyingine, wakadhani nimekubali kosa.

Hayo yote ningeyabeba. Nilikataa hospitali. Yuditha alinisihi nikamwambia uziwi ni kupumzika, wazee wengi wanautamani. Lakini asubuhi moja nilikuwa nakamua, nikataka kujikumbusha ulivyokuwa unamkemea yule ng'ombe mwekundu. Uso wako ukaja. Kitambaa chako cha kichwani kikaja. Mdomo ukafunguka. Na hakuna kitu kilichotoka. Kama ile siku mbele ya gurudumu, meno tu, ila safari hii sikuwa na injini ya kuzima. Nilijaribu mpaka maziwa yakamwagika. Nimekaa na mwanamke maisha mazima na sauti yake imenipotea ndani ya kichwa changu mwenyewe!

Nikamwambia Yuditha, "Kata tiketi ya Haydom." Akadhani ninaumwa kufa.

Basi la Haydom unalijua, nusu ya abiria wagonjwa na nusu wanawasindikiza. Hospitalini nilipokelewa na mtaalamu wa masikio, binti wa Lindi amejifunga mtandio, uso wake ukicheka kabla yeye hajaamua kucheka. Lakini alianza na barakoa usoni. Sikusikia hata herufi moja. Nikamwambia Yuditha, "Huyu ni bubu, tutafutie mwingine." Binti akashusha barakoa kidevuni, akasema, "Shikamoo babu." Nikasikia! Akapandisha, akasema kitu: kimya. Akashusha: "Nimekuuliza umekula nini." Nikasikia! Nikamwambia, "Binti, hicho kitambaa chako ni kizito sana, kinazuia sauti." Akamwangalia Yuditha, Yuditha akaangalia chini.

Akanivisha vile vidude vya masikioni. Nikisikia mlio, ninyooshe kidole. Mama Yuditha, nilifaulu kama simba! Kila mlio nimenyoosha. Mwishoni namwambia, "Andika, masikio ya kijana." Akatabasamu, akageuza kiti chake, akanipa mgongo, akaficha mikono. Tukaanza upya. Nikasubiri milio. Nikasubiri mpaka usingizi ukanijia. Akageuka akasema, "Babu, nimepiga milio mingi."

"Huo ni uongo. Mwanzo nilisikia yote."

"Mwanzo ulikuwa unaona bega langu likicheza nikibonyeza."

"Binti yangu, nakuapia kwa udongo wa mke wangu, niliusikia mlio. Ti! Ndani humu!"

Nilidhani atanicheka. Hakunicheka. Akasogeza kiti akaniambia, "Nakuamini babu. Uliusikia kweli. Sikio ni mlango tu, anayesikia yuko ndani. Sikio linapokea mtikisiko, linaupeleka kwenye ubongo, na ubongo hausubiri sikio peke yake. Unaangalia midomo, unahisi na ngozi, unakumbuka ya zamani, halafu unaunganisha yote unakupa kitu kimoja. Wewe unaona umesikia."

Nikaruka kwenye kiti! Nikamwambia, "Kumbe ni kikao cha wazee! Jicho anatoa ushahidi, ngozi anatoa, sikio anatoa, halafu mwenyekiti anatangaza neno moja, na sisi huku nje tunadhani amesema sikio!"

Akacheka. "Ndivyo hivyo. Na sikio likichoka, wenzake wanachukua nafasi. Hata ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ya kusikia, macho yanaanza kukaa humo."

"Na jicho na sikio wakigombana?"

"Mara nyingi jicho linashinda, babu. Lina kiburi."

Hapo ndipo nilipomuuliza lile lililonipandisha basi. "Basi mke wangu niliyemsikia miaka yote ile ya mwisho, alikuwa nani?"

Yuditha akaacha kuangalia chini. Binti wa watu akaniambia, "Midomo ilikuwa yake. Sauti ulikuwa unaitoa ghalani mwenyewe, ile uliyoiweka zamani ukiwa unasikia vizuri. Akicheza midomo, inatoka."

"Na sasa midomo haipo."

"Sasa vaa mashine hii ya kusikia. Usikate tamaa mapema, mwanzoni kila kitu kitakuwa kelele. Ubongo umesahau cha kusikiliza na cha kupuuza."

Alisema kweli. Siku za kwanza nilitaka kuitupa chooni. Nani aliniambia sweta yangu ina kelele? Natafuna ugali, nasikia kama mtu anatembea kwenye matope. Mvua ilipopiga bati nilitoka nje kumkaripia mtu anayemwaga maharage. Kisha pole pole, kama mbwa mgeni anavyozoea nyumba, vitu vikaanza kukaa mahali pake. Njiwa. Ndoo. Upepo wa kutoka mlimani, ambao miaka yote hii nilikuwa nauona tu kwenye majani.

Lakini wewe, hapana. Nilichukua picha yako ya kanisani, nikavaa mashine, nikaiangalia mchana mzima nikingoja. Mdomo umefungwa. Mpiga picha alikuambia funga mdomo, na mara moja maishani mwako ukamtii mtu.

Sasa sikiliza lililotokea Jumamosi, ndilo linalonifanya niandike nikiwa nimesimama!

Watu wamekuwa wakisema Yuditha amechukua sauti yako. Mimi nilikuwa nabisha. Nabishaje? Kwa sababu Yuditha ana uso wangu: pua hii, kipaji hiki cha uso, hata hili jicho linalodai haki. Akifungua mdomo mbele yangu najiona mimi nimevaa gauni, na nasikia mimi. Jicho lilikuwa linashinda, kama alivyosema binti wa Lindi.

Jumamosi nimekaa kwenye kigoda pale kwenye banda la mbuzi, napura maharage, nimeupa mlima uso na nyumba mgongo. Yuditha amekuja kutoka Katesh, yuko jikoni nyuma yangu. Sioni mtu. Mara, kutoka nyuma: "Toka! Toka we mbuzi usiye na haya! Umekula sabuni, umekula kanga, bado nini, unile na mimi?"

Sauti ile. Nzito. Na ule mkwaruzo mwishoni, jiwe la kusagia. Haikutoka ghalani mwangu, mke wangu, ilitoka kwenye upepo, ikaingia mlangoni kama inavyotakiwa, na mle ndani kikao kizima kikasimama! Uso wako ukaja, kitambaa kikaja, mdomo ukafunguka, na safari hii ukatoka na maneno. Nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwetu kwa zamani. Kidole gumba cha mguu kikauma mahali pale pale ulipokuwa unakanyaga. Na mimi, unanijua siwezi kushindwa neno, nikajibu bila kugeuka, "Mbuzi wa nyumba hii amechukua tabia ya mama mwenye nyumba!" Yuditha akacheka, nikacheka, mbuzi akatoka.

Tangu hapo nimekupata. Nakamua, nakusikia. Natembea, nakusikia ukinitukana kwa mpangilio. Sihitaji kuangalia picha.

Basi lala salama, mama. Huko uliko nadhani hakuna injini, kwa hiyo ongea unavyotaka. Nikifika nitakuja mbele yako kwenye mwanga mwenyewe, hutahangaika kunishika kidevu, ingawa ukitaka kunishika sitakataa.

Ila kwa kuwa wewe nilikuwa siwezi kukudanganya hata nikiwa na masikio mazima, kuna mahali pamoja hapo nimeongeza chumvi. Lile jibu la mbuzi nimelitunga jana. Sikusema kitu. Nilikaa vile vile nimempa Yuditha mgongo, nikanyoosha mguu pole pole, nikafungua mlango wa banda, mbuzi wa pili aende jikoni.

Mume wako, dereva wako,
Baba Yuditha