Kanzu Ziungue Zikitaka

Msambweni, Jumanne, Mfungo Mosi, 1954

Safari hii kikaratasi cha maelekezo kinachokuja na filamu sikukifuata. Kinasema jua likiwa kali, tundu la lenzi liwekwe kumi na sita. Mwaka jana nilikitii. Niliwapiga picha wanaume wa mtaa baada ya swala ya Idd, na picha ikarudi kutoka Mombasa na kanzu zinazong'aa, juu yake nyuso nyeusi tititi, hazina macho wala pua. Shemeji Hamisi akaniita mpiga picha wa kanzu. Jina likanikaa mwaka mzima.

Kilichoniuma zaidi ni Ami Salimu. Alifariki mwezi wa Rajabu, na picha yake ya pekee ni ile.

Idd hii nilisogea hatua tatu mbele, msikiti ukabaki nusu ndani ya picha, nikalifungua tundu hadi nane, maana namba ikipungua tundu hupanuka na mwanga huingia zaidi. Kanzu ziungue zikitaka.

Leo picha imerudi. Kanzu zimeungua kweli, hazina hata mkunjo. Lakini kila mtu ana macho yake, na kovu la Hamisi shavuni laonekana. Ameitazama, kisha ameniomba nimtolee na yeye nakala.

Mama hajawahi kukubali kupigwa picha. Jioni amezigusa nyuso moja moja, akiwataja kwa majina, halafu akasema, "Kesho nipige na mimi, mwanangu. Sitaki kubaki kama Salimu."

Nina wasiwasi kidogo. Buibui lake ni jeusi, na kikaratasi hakisemi lolote juu ya buibui. Nitaufuata uso wake.